Nusu Toni Juu

Mpangilio wangu wa kwanza wa muziki kwa kikundi chetu ulipigwa kama dakika nne, kisha dada muuguzi wa violini ya pili akalaza upinde mapajani na kuniuliza, "Mwalimu, hii umewaandikia watu au kompyuta?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amepanda daladala mbili kufika ukumbini, na nilichomwekea mbele yake kilikuwa karatasi yenye flati tano, alama za kushusha nota hatua moja ndogo (nusu toni).

Muziki wenyewe ulikuwa Largo, sehemu ya pili ya simfonia ya tisa ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, ile aliyoitunga akiishi Marekani na kupigwa mara ya kwanza New York Desemba 1893. Hata asiyelijua jina anaujua wimbo: mi so so, mi re do, re mi so mi re. Nikauona ni chaguo la mtu mwenye akili. Ni wa polepole, nota zake chache, hakuna pa kukimbia. Likizo ya Juni nzima nikaimalizia hapo. Nikapakua nota za orkestra kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, nikafungua MuseScore, programu ya kuandika nota, nikahamisha kila kitu kama kilivyo kwenda kwenye violini mbili, viola (violini kubwa kidogo, ya sauti ya kati) na chelo, ya sauti ya chini. Kompyuta ikaupiga vizuri kupita kiasi. Nikamwita hadi mke wangu aje asikilize.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi saa tisa alasiri kwenye ukumbi wa kanisa moja Kinondoni. Siku njema tunafika 11. Mvua ikinyesha tunakuwa 6. Kuna muuguzi, fundi simu, mwanafunzi wa uhasibu, mama mwenye duka la vitambaa, kijana wa Unguja, na mzee mmoja mstaafu wa reli anayepiga chelo. Mimi nafundisha hesabu sekondari, na ninapiga viola kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ukimwondoa yule kijana wa Unguja, sote tumetokea kwaya, na jambo hilo niliwahi kulipuuza ingawa ndilo lililokuja kunifundisha kazi.

Wanakwaya wa kwetu wengi tumesoma muziki kwa solfa, zile d r m f s l t zenye nukta na vistari, njia iliyoenezwa Uingereza na John Curwen karne ya 19 na kutufikia pamoja na wamisheni. Kwa mwanakwaya ufunguo, yaani nota inayokaliwa na do, si mzigo. Juu ya karatasi pameandikwa "Doh ni D flati", mwalimu anagusa kinanda, watu wanaimba. Kesho akiona soprano wanakabwa koo, anashusha. Do inahama na watu wanahama nayo, wala hakuna anayeulizwa.

Kwenye violini do haihami bure. Nyuzi zake nne ni G, D, A na E. Uzi ulio wazi, usiobonyezwa kidole, ndiyo nguzo ya mpigaji mchanga: ukishafungwa vizuri hauwezi kumdanganya, na hata asipougusa unamuitikia pale anapobonyeza nota ya jina lake kwenye uzi mwingine. Sasa chukua skeli ya D flati, yaani ngazi ya nota zake saba, uitafute G ndani yake. Haimo. D haimo, A haimo, E haimo. Violini nzima haina uzi wazi hata mmoja wa kuegemea, kila nota kidole kiitafute gizani. Wapigaji waliokesha na hiyo kazi miaka 15 wanaimudu. Sisi tulitoa sauti ya bati linaloburutwa sakafuni.

Ukiupandisha wimbo ule ule nusu toni tu, doh ikawa D, nyuzi zote nne zinaingia kwenye skeli. Mi inakuwa F shapu (F iliyopandishwa nusu toni), kidole cha pili kwenye uzi wa D. So ni A, uzi wazi. Re ni kidole cha kwanza. Do ni uzi wa D wenyewe. Yaani mstari wa kwanza wote, huo unaowafanya watu wafumbe macho, unapigika kwa vidole viwili. Niliona aibu ya mwalimu wa hesabu aliyekosa swali la kwanza kwenye karatasi aliyoitunga mwenyewe.

Najua wapo wanaosema kubadili ufunguo ni kumwibia mtunzi rangi yake, na siwabishii sana. D flati ina utusitusi fulani mzuri kwenye orkestra, na sehemu ya sababu ni hiyo hiyo, kwamba nyuzi wazi zinanyamaza. D inang'aa zaidi. Mimi nilichagua wimbo ung'ae kuliko uwe na rangi halisi halafu usitambulike. Sehemu ya katikati, ambayo kwa Dvořák ni C shapu maina (maina ndiyo skeli yenye huzuni) yenye shapu nne, ilitua kwenye D maina, flati moja tu. Hiyo nikaihesabu kama zawadi. Kodi zile nzito za mwanzo zinazopigwa na ala za kupuliza (kodi za muziki, nota kadhaa zinazolia pamoja, si za nyumba) ndizo zilizonishinda, maana zinaanza mbali na kutangatanga kabla ya kufika nyumbani. Nikazikata zote nikaacha mbili za mwisho. Hakuna aliyeniuliza zilikokwenda.

Jumamosi iliyofuata ikasikika kama wimbo. Hapo nikagundua kosa la pili: nilidhani polepole maana yake rahisi. Upinde una urefu wake, na ukiuvuta taratibu sana bila mazoezi unaanza kutetemeka katikati, au mtu anaogopa utaisha, anauharakisha, sauti inavimba mahali isipotakiwa. Mpigaji mchanga anaweza kupiga nota nane za haraka bila shida na bado akashindwa kushika moja ya mapigo manne. Mwanzoni nilizikata nota ndefu vipande viwili viwili kwenye karatasi, kila mmoja abadilishe upinde pale pale. Tukawa tunahema kwa pamoja kama watu wanaopanda ngazi. Mama wa duka la vitambaa ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Si tuibe pumzi, kama kwaya?" Kwenye kwaya nota ikiwa ndefu hamvuti pumzi wote kwa wakati mmoja, mwenzako akinyamaza kidogo wewe unashikilia, halafu anakupokea. Nikafuta alama zangu zote za upinde kwenye nota ndefu nikaandika "ibeni pumzi". Hadi leo ndivyo ninavyoandika, na hakuna anayehitaji maelezo.

Viola nayo ina mambo yake. Mwaka mmoja niliitwa kusahihisha mitihani wiki kadhaa, nikaacha kikundi bila viola kabisa. Dawa inayojulikana ni kuandika violini ya tatu kwa ufunguo wa kawaida, badala ya ule ufunguo wa C ambao hata mimi ulinichukua miezi kuuzoea (hapa ufunguo ni ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha nota zisomwe vipi). Nikaketi nikahamisha sauti yangu, na kila nota iliyokuwa chini ya G, ambako violini haifiki, nikaipandisha oktavu moja, hadi nota ya jina lile lile iliyo juu yake. Hesabu ilikuwa sawa na muziki ukaharibika. Nota ile niliyoipandisha ilirukia juu ya violini ya pili, mahali pengine hadi juu ya wimbo, ikasikika kama mtu anayedakia mazungumzo ya wakubwa. Sasa siipandishi nota. Naangalia kodi ina nota gani nyingine iliyo karibu na pale mpigaji alipokuwa, nampa hiyo, hata kama si ile aliyoandika mtunzi. Sauti ya kati haitakiwi kuruka.

Kuhusu namba za vidole nitasema kwa ufupi. Niliandika namba juu ya kila nota, wakaacha kusoma nota wakasoma namba, na siku nilipotoa karatasi isiyo na namba wakanitazama kama nimewaletea Kijerumani. Naandika namba mahali mkono unapohama tu.

Mzee wa reli alianza chelo baada ya kustaafu. Ana miaka 67. Kila asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, anafanya mazoezi barazani, na majirani wameshazoea. Mwaka tulioombwa kusindikiza kwaya kwenye "Haleluya" ya Handel wakati wa Pasaka, nilimwonea huruma. Ufunguo pale hauna tatizo, Handel mwenyewe aliiandika D, lakini besi inatembea sana na kuruka. Kwa hiyo nikampunguzia: nota moja mwanzo wa kila kipimo, mara mbili, basi. Nilimpa karatasi yake nikasubiri asante.

Akapiga mazoezi yote bila neno. Tulipokuwa tunakunja viti akanisogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nimehesabu nota zangu ukurasa wa kwanza. Ziko 31. Za huyu binti wa violini ya kwanza nimehesabu nimechoka."

Nikaanza kujieleza, mwendo ni wa haraka, mikono, miruko ya nyuzi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Besi ya wimbo huu nimeiimba tangu sijaoa. Ukiniamsha usiku wa manane nitakuimbia. Wewe umeniandikia wimbo ambao siujui."

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo. Nilikuwa nimeutazama mkono wake nikalisahau sikio lake. Kile nilichokiita rahisi kwake kilikuwa kigumu, maana nota moja kwa kila kipimo haina pa kushika. Lazima uhesabu, na ukipotea umepotea. Wakati huo huo kichwani mwake mlikuwa na besi kamili, kila neno na kila pumzi. Usiku ule nikaitupa sauti ya chelo niliyoandika, nikachukua besi ya kwaya kama ilivyo, ile ya kuimbwa, nikaiweka kwenye mistari mitano. Mahali pawili tu ndipo nilipolegeza. Jumamosi akaipiga huku midomo inacheza, anaimba kimya. Kuna sehemu alikosa kidole, lakini hakupotea hata mara moja, na tulipopotea sisi yeye ndiye aliyeturudisha.

Tangu hapo swali la kwanza ninalomuuliza mgeni si "umefika daraja gani la violini". Namuuliza, "Kwaya unaimba sauti ya ngapi?" Dada muuguzi ni alto wa siku nyingi, na masikio yake yanaishi pale katikati, chini kidogo ya wimbo, ukimwandikia violini ya pili inayotembea kama alto wa nyimbo za kanisani, ataisoma kabla hujamaliza kumgawia. Fundi simu aliimba tenor. Nilimtoa violini ya kwanza, ambako alikuwa akiteseka, nikamkabidhi ile violini ya tatu, na sasa kumrudisha huku juu ni ugomvi. Binti wa violini ya kwanza, huyo mwanafunzi wa uhasibu, ni soprano, na soprano ukimnyima wimbo hata kwa vipimo vinane ataanza kuutafuta.

Njia hii ilishindwa kwa mtu mmoja tu, kijana wa Unguja. Yeye hakupitia kwaya. Alijifunza fidla (kwake ni fidla, si violini) kwenye kikundi cha taarab, kwa kusikiliza waliomtangulia. Masikio yake yanatushinda sote. Nilimpa violini ya pili ya serenadi ya Mozart, ile ya G ya mwaka 1787, sehemu ambayo violini ya pili inarudia nota ile ile mfululizo kama cherehani wakati wenzake wana wimbo. Akaipiga mara mbili, mara ya tatu akaanza kuipamba, nota inapanda, inateleza, inarudi. Nikamsimamisha. "Sasa mwalimu," akasema, "wimbo wangu uko wapi?" Kwao fidla zote zinaufuata wimbo mmoja, zinapokezana na mwimbaji, zinajibu. Kukaa nyuma ukitia mafuta kwenye mashine ya mwingine ni kazi ambayo hakuwahi kuombwa.

Ningeweza kumwambia ndivyo Mozart alivyoandika. Lakini nilitazama nyuso za wengine nikaona swali lilikuwa la wengi, yeye alikuwa na ujasiri tu. Mtu analipa nauli, anaacha watoto, anakuja kupiga G mara 64. Kwa hiyo siku hizi naugawa wimbo. Mara ya kwanza uko kwa violini ya kwanza, ukirudi nampa violini ya pili, na wa kwanza wanashika cherehani. Kanoni ya Pachelbel, ambayo maharusi wa Dar hawaachi kuiomba, ndiyo ilinisukuma zaidi: chelo ina nota nane, do so la mi fa do fa so, na inazirudia mara 28 bila kubadilisha chochote. Violini tatu zinafurahi juu, mtu wa chini anahesabu mbao za dari. Nikaivunja. Katikati viola inazichukua zile nane, chelo inapanda kuimba vipimo kadhaa vya violini oktavu moja au mbili chini, kisha wanarudishiana. Wajuzi watanuna. Harusini hakuna aliyenuna. Kuhusu kuteleza kwa vidole, tulikubaliana na yule kijana: Dvořák anaruhusiwa mara mbili, Mozart hapana. Anaiba ya tatu kila mara na mimi najifanya sijasikia.

Mapumziko marefu nayo ni mtego. Mwandikie mwanakikundi vipimo 14 vya kunyamaza na ujue ataingia cha 12 au cha 16. Nilijaribu kuwapa wote kitu cha kupiga mwanzo hadi mwisho ili asipotee mtu, ukawa uji, hakuna sauti inayotoka mbele. Sasa nawaachia mapumziko, ila chini ya vile vipimo viwili vya mwisho naandika kwa herufi ndogo wimbo watakaousikia kwa jirani. Kwa solfa. Jicho linauona, sikio linausubiri, mtu anaingia.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna kompyuta itakayokwambia. Pangaboi la ukumbini linapeperusha karatasi, kwa hiyo kila mtu ana vibanio viwili vya nguo, na wimbo wenye kurasa tatu kwa sauti moja ni wimbo utakaokatika, kwani hakuna wa kufungua ukurasa huku mikono miwili imeshika ala. Naminya kila sauti iingie kurasa mbili zinazotazamana, hata ikibidi kufuta marudio. Stesheneri wanatoza shilingi 200 kwa ukurasa na mimi ndiye ninayelipa, hivyo uchoyo nao umenisaidia kuandika kwa ufupi.

Mwaka jana tuliirudia Largo, nzima safari hii, hadi ule mwisho ambao Dvořák anapunguza wapigaji hadi wanabaki wachache, na wimbo unakatika, unanyamaza, unaanza tena. Pale sikuwa na kazi kubwa. Tayari ameandika kwa watu wachache. Tatizo lilikuwa kodi ya mwisho kabisa. Yeye aliziachia besi kubwa, ala za nyuzi kubwa kuliko chelo, peke yake, sauti nne za chini, kimya kimya. Sisi besi kubwa hatuna. Nikampa mzee nyuzi mbili wazi kwa pamoja, D na A, bila kidole hata kimoja, mimi viola nikabeba F shapu. Nikaona nimempa kitu salama cha kumalizia, mkono wake usihangaike.

Baada ya mazoezi nilikusanya karatasi ili nirekebishe makosa ya uchapaji. Kwenye ya kwake, kipimo cha mwisho, nota zangu mbili zilikuwa zimepigwa mstari kwa penseli. Chini yake alikuwa ameandika d, na pembeni yake, chini, ile alama ndogo ya solfa inayomaanisha oktavu ya chini: D ya uzi wa C, kidole cha kwanza, mahali ambapo chelo yake huwa inakoroma asipobonyeza vizuri. Niliirudisha karatasi kwenye faili bila kuifuta.